Wazazi na buletini: namna ya kuwasaidia wafuate masomo ya mtoto wao katika sekondari

Wazazi wengi wa parokia zetu wanajua sana kufuata masomo ya mtoto akiwa bado mdogo. Mama anamwuliza: «Leo mmejifunza nini?» Mtoto anasoma herufi, anahesabu, anaimba wimbo wa shule, na nyumba nzima inasikia. Lakini mtoto akiisha kumaliza shule ya msingi na kuingia katika kalasi ya saba, mambo yanageuka. Vitabu ni vya Kifransa, walimu ni wengi, kila mmoja na somo lake, na mzazi anasema: «Sasa amenipita, hayo ni mambo ya walimu.» Toka siku ile analipa feza, anashonesha yuniforme, anangoja mwezi wa saba. Siku ya proklamasio anasimama katika uwanja wa shule pamoja na wengine, akisikiliza kama jina la mtoto wake litasomwa. Likiwa halikusomwa, anashangaa, anakasirika, pengine anashika fimbo. Mwaka mzima umepotea, na yeye hakujua kitu.

Tunaandika maneno haya kwa ajili ya mapadri wa parokia, kwa ajili ya waseminari wanaorudi nyumbani likizo, na zaidi kwa ajili ya makatekista. Wao ndio watu ambao mzazi anaweza kuwaendea bila haya, akishika mkononi karatasi asiyoweza kuisoma. Prefe wa masomo yuko mbali, na ofisi yake inatia woga. Katekista anakaa karibu na nyumba.

Tusiwalaumu wazazi upesi. Kwetu Kongo, kukaa kando ya shule ni desturi ambayo watu walifundishwa. Zamani za misioni, mtoto aliyechaguliwa kwa masomo marefu alitoka kwao, akalala katika nyumba ya shule, akawaona wazazi wake wakati wa likizo tu. Kabla ya Chuo Kikuu cha Lovanium kufunguliwa katika mwaka wa 1954, njia ya masomo iliyofika mbali kwa kijana Mkongo ilikuwa hasa njia ya seminari. Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi zetu, alipita njia ile mpaka akapewa upadri katika mwaka wa 1917. Wazazi wa siku zile walisema «mtoto wetu ni wa mapadri», na hawakusema uongo, kwani mapadri ndio waliomlisha, waliomvika na kumwadhibu. Neno lile limebaki midomoni hata leo, ingawa mtoto analala kwao na baba ndiye anayelipa.

Tena serikali ilitwaa shule katika mwaka wa 1974. Kiisha, kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, ikayarudishia makanisa uongozi wa shule zao, ndizo tunazoziita shule za konvansio. Tangu miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokosekana, wazazi walichanga feza kusudi shule zisifungwe. Walifanya vizuri. Lakini tunda moja baya lilitoka humo: mzazi alizoea kuitwa shuleni kwa neno la feza tu. Hata leo, katika mikutano mingi ya komite ya wazazi, tunasikia habari ya mabati, ya madawati na ya prime ya walimu. Habari ya somo la hesabu tunaisikia mara chache. Shule ya msingi ya serikali na ya konvansio ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari ingali inalipwa, na mazungumzo hayajageuka sana.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake juu ya malezi ya kikristu la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaita wazazi walezi wa kwanza wa watoto wao. Lakini mlezi wa kwanza asiyejua hata somo gani linamshinda mtoto wake, atalea nini? Heri tuache hotuba, tuchukue buletini yenyewe tuisome.

BULETINI

Mwaka wa sekondari unagawanyika katika semesta mbili. Kila semesta ina periode mbili, na mwisho wake mtihani. Buletini inafuata mpango huo: upande wa kushoto kuna majina ya masomo, kisha periode ya kwanza, ya pili, mtihani, jumla, kisha periode ya tatu, ya nne, mtihani, jumla, na mwisho jumla kubwa ya mwaka. Juu ya kila fungu la masomo pameandikwa maksima. Maksima ndizo pointi zote ambazo mtoto angepata kama asingekosa hata kidogo. Asiyefahamu maksima hatafahamu neno lingine lolote la karatasi ile, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea, hata wale wanaojua kusoma.

Tutoe mfano. Somo lenye maksima 20 kwa periode lina maksima 40 kwa mtihani. Jumla ya semesta ni 80. Mtoto amepata 14, halafu 15, halafu 16 katika mtihani. Baba anafurahi: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, mtoto anapanda! Kumbe ameanguka. Zile 14 na 15 zilitoka katika 20, lakini 16 imetoka katika 40, nayo haifiki nusu. Yafaa kueleza kwa ndoo. Vikombe 15 vya unga katika ndoo ya vikombe 20, ndoo iko karibu kujaa. Vikombe 16 katika ndoo ya vikombe 40, unga haufiki katikati. Mama anayeuza unga sokoni ataelewa pale pale, pengine upesi kuliko katekista mwenyewe.

Tukijumlisha tunapata 45 katika 80, yaani 56 kwa mia. Mtoto amepita nusu, na shule haitamsumbua. Lakini mzazi mwenye macho ataona jambo: maneno ambayo mtoto aliyashika kwa muda wa juma moja au mawili hakuyaweka kichwani kwa siku nyingi. Mtihani mmoja una uzito wa periode mbili. Akiendelea hivyo katika semesta ya pili, atakuwa katika hatari, na wakati wa kumsaidia ni sasa.

Masomo nayo hayana uzito sawa. Somo moja lina maksima 10, lingine 20, lingine 40 au 50, kufuata kalasi na seksio. Mtoto mwenye 9 katika 10 na 18 katika 50 ameshinda somo dogo, ameshindwa kubwa, lakini 18 inaonekana kubwa kuliko 9. Watoto wenye akili ya ujanja wanajua hilo sana, na wanamwonyesha mama kwa kidole pale panapowafaa. Kwa desturi ya shule zetu, pointi zisizofika nusu zinaandikwa au zinapigwa mstari kwa wino mwekundu. Hata mzazi asiyejua tarakimu anaweza kuhesabu alama nyekundu. Lakini aombe buletini yenyewe, si fotokopi, maana katika fotokopi nyekundu na nyeusi ni rangi moja.

Chini ya masomo tunaona jumla, pursantaji, yaani pointi kwa mia, na nafasi ya mtoto katika kalasi. Wazazi wanapenda nafasi kuliko yote. «Amekuwa wa sita!» Tuweke watoto wawili. Wa kwanza ana 52 kwa mia, naye ni wa sita katika watoto 40. Wa pili ana 61 kwa mia, naye ni wa ishirini katika watoto 35. Nani anasoma vizuri? Nafasi inasema habari ya kalasi. Pursantaji inasema habari ya mtoto. Yule wa sita amesimama kandokando ya shimo pamoja na wenzake wengi, na mwaka ujao, kalasi ikichanganywa na nyingine yenye nguvu, atashangaa. Basi mzazi asimlinganishe mtoto na mtoto wa jirani, bali na buletini yake mwenyewe ya periode iliyopita: hesabu ilikuwa ngapi, leo ngapi? Kifransa kimepanda au kimeshuka? Kwa sababu hiyo buletini za zamani zisitupwe wala zisifungiwe karanga.

Kuna tena mistari miwili ambayo watu wanairuka: bidii na tabia. Mara nyingi mwalimu anaandika herufi tu: TB ni vizuri sana, B ni vizuri, AB ni vizuri kidogo. Herufi M katika tabia ni mlango wa ofisi ya nidhamu; mzazi asingoje aitwe.

Mwisho, pahali pa sahihi ya mzazi. Tunajua ginsi inavyopita: kaka mkubwa anaandika jina la baba, au baba anaandika asubuhi akiwa anatoka, bila kutazama. Wengine hawapati hata nafasi ya kuandika, maana mtoto anaficha buletini na kusema kwamba hazijatolewa bado. Dawa ya uongo huo haina gharama. Padri amwombe prefe, mwanzoni mwa mwaka, tarehe za kutoa buletini. Kiisha katekista atangaze katika kapela, baada ya sala ya siku ya Mungu: «Buletini za periode ya kwanza zimetolewa juma hili, kila mzazi aulize yake.» Tangazo la nusu dakika tu, na buletini nyingi zitatoka chini ya godoro.

Afadhali zaidi, parokia iweke jioni moja ya kufundisha buletini. Inatakiwa ubao, chaki, na mwalimu mmoja wa sekondari mwenye uvumilivu. Achore mistari, aweke pointi za mtoto asiye na jina, na wazazi wenyewe waseme kama ameshinda au ameshindwa. Asilete buletini ya mtoto wa kweli, hata kama ni nzuri sana. Na katekista anayesomea mtu buletini nyumbani afunge mdomo. Akizungumza barabarani kwamba mtoto wa fulani ana masomo matano mekundu, hakuna mzazi atakayemletea karatasi tena, na hatutawalaumu.

DAFTARI NA LUGHA

Buletini inakuja mara chache. Daftari liko nyumbani kila siku. Katika daftari kila somo lina tarehe yake, na tarehe ni tarakimu ambazo karibu kila mtu anazijua kwa kazi ya soko au ya simu. Mzazi afunue, atazame: tarehe zinafuatana, au kuna juma lisilo na kitu? Pengo lina sababu. Pengine mtoto aliugua. Pengine alifukuzwa kwa ajili ya feza, naye kwa haya akapitisha siku zile kwa rafiki bila kusema. Pengine walimu waligoma. Pengine yuko sokoni anabeba mizigo ya watu. Mzazi aulize kwanza; fimbo inayotangulia swali inafundisha kusema uongo tu.

Wazazi wanatuambia: «Nitamwuliza nini, mimi nisiyejua Kifransa?» Tunajibu kwamba kutojua Kifransa kunaweza kuwafaa. Katika kalasi za mwanzo za shule ya msingi, kwetu upande wa mashariki, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili. Katika sekondari kila kitu ni Kifransa, na watoto wengi wanajifunza maneno kama kasuku. Basi mama asimwulize mtoto: «Umesoma?» Atajibu ndiyo. Amwambie: «Nieleze kwa Kiswahili somo moja la leo.» Akiweza kumweleza mama yake namna damu inavyozunguka mwilini, au kwa nini mvua inanyesha, amefahamu. Akisema «hii haina maneno ya Kiswahili», mara nyingi yeye ndiye ambaye hajafahamu. Tumeona waseminari wakubwa wa filozofia wakishindwa mtihani huo mbele ya bibi zao, na ulikuwa mtihani wa haki.

Kuna watoto ambao hawana mtu wa kuwauliza. Ni wale wa vijiji wanaokuja mjini kwa ajili ya sekondari na kukaa kwa ndugu, au kupanga chumba kimoja watatu au wane. Baba anatuma mfuko wa unga na feza kidogo, basi. Kwa hao, padri wa parokia ya mjini na yule wa kijijini waandikiane. Katekista wa mtaa apite mara moja kwa mwezi, aone kama wanaamka, wanakula, wanakwenda. Na wale wanaokaa kwa ndugu, tutazame saa zao. Msichana anayechota maji asubuhi, anayepika jioni, anayebeba mtoto wa shangazi usiku, atasoma saa ngapi? Buletini yake itakuwa nyekundu, na watu watasema hana akili, wamrudishe kijijini aolewe. Afadhali waangalie kwanza ni nani anayeosha sahani.

KWENDA SHULENI

Mzazi aende shuleni kabla ya kuitwa. Wakati mzuri ni baada ya buletini ya periode ya kwanza: bado kuna miezi ya kutengeneza mambo. Amtafute kwanza titulere wa kalasi, kwani yeye anamjua mtoto kwa jina na kwa uso. Kwa habari ya pointi na ya kalasi, kuna prefe wa masomo. Kwa habari ya kuchelewa, kutoroka na ugomvi, kuna direkta wa nidhamu. Maswali matatu yanatosha: somo gani linamshinda, tangu lini, na nyumbani tufanye nini? Akidaiwa feza, aseme wazi siku gani atalipa, kwa mfano baada ya kuuza maharagwe. Viongozi wengi wanakubali neno lililosemwa mapema; neno la siku ya mtihani linawachosha.

Mara ya kwanza padri au katekista anaweza kumsindikiza mzazi mwoga. Asimame kando, amwachie mzazi kusema. Na jambo moja padri asilifanye kamwe: asimwombee mtoto pointi, hata kama anatumika vizuri altareni, hata kama baba yake ni prezidenti wa baraza la parokia. Ombi la padri lina uzito mkubwa juu ya mwalimu wa shule ya konvansio, kwa hiyo lingemlazimisha kuiba.

Tumekwisha kugusa jambo linalouma. Kuna wazazi wanaonunua pointi, kuna walimu wanaoziuza, na watu wote wanajua. Mzazi anafikiri amemsaidia mtoto; kweli amemnyima habari. Buletini iliyonunuliwa haiwezi kumwambia tena somo gani linamshinda mwanawe. Kwa wasichana jambo ni baya zaidi, maana kuna walimu wasiotaka feza. Basi msichana ambaye pointi zake zinapanda ghafula katika somo moja tu, na daftari lake halionyeshi kazi mpya, au ambaye zinashuka katika somo la mwalimu mmoja tu, mama yake akae naye mahali pa faragha, amwulize kwa upole. Mtoto akisema, asigombezwe. Na padri atakayeambiwa asilinde jina la shule. Apeleke habari kwa wakubwa wa shule na, ikitakiwa, kwa sheria.

KALASI YA NANE NA MWISHO WA SEKONDARI

Kwa sheria ya tarehe 11 Februari 2014, kalasi ya saba na ya nane ni sehemu ya masomo ya msingi ya miaka minane. Baadaye zinakuja humanite za miaka minne. Basi mwishoni mwa kalasi ya nane mtoto anaelekezwa: sayansi, pedagojia, biashara, ufundi na seksio nyingine. Kuna mtihani wa serikali wa kumwongoza, lakini tunawaomba wazazi walete mezani buletini za miaka yote miwili. Mtoto ambaye hesabu yake ilikuwa nyekundu mara nne hatakuwa mganga kwa sababu baba anataka. Na ufundi si shimo la kutupia walioshindwa. Fundi mzuri wa umeme katika miji yetu anakula vizuri kuliko wengi wenye diploma. Tena wazazi waulize mapema seksio gani ziko karibu na nyumba. Seksio ya mbali inaleta gharama ya chumba, na chumba cha mbali kinaleta yale tuliyoyasema juu.

Baada ya hapo liko lengo moja mbele ya macho yote: mtihani wa serikali wa mwisho, unaoitwa Eksetati. Mtihani huo haupimi masomo ya mwaka wa mwisho pekee, na mtoto anatakiwa kufikisha 50 kwa mia. Mzazi aliyefuata buletini tangu kalasi ya saba atajua mbele ya redio nini kinaweza kutokea. Lakini kuna kazi moja ambayo hata yeye anaisahau. Mwanzoni mwa mwaka wa mwisho aende shuleni na cheti cha kuzaliwa, aombe kuona jina la mtoto katika vitabu vya shule: jina, jina la baada, jina la ubatizo, tarehe na pahali pa kuzaliwa. Alinganishe herufi kwa herufi na buletini zote. Katika shule zetu Mukendi anaandikwa pengine Mukeni, Furaha anaandikwa Fwaraha, na mtoto wa 2008 anageuka kuwa wa 2006. Kosa la kalamu linalosahihishwa na sekretere wa shule kwa dakika tano, likiisha kuandikwa juu ya diploma, linatakiwa kufuatwa katika ofisi nyingi, na safari, na feza. Mzazi asiyejua kusoma achukue mtu wa kumsomea. Ndiyo kazi nyingine nzuri kwa mseminari aliye likizo.